Kitabu cha Pope, upinde wa Ishi, na mpera wa mjomba



Leo siongei juu ya mihogo, wala juu ya kazi zisizopatikana. Nataka kuongea juu ya kitabu kimoja chenye kufundisha kutengeneza upinde wa mti, na namna nilivyokaribia kumharibu mtoto wa dada yangu jicho juu ya kukisoma vibaya. Najua wengine watasema: "Injenieri mzima wa agronomia, karibu miaka thelathini, anachonga pinde?" Chekeni tu, lakini someni mpaka mwisho. Jambo hili linatugusa sisi wote tuliopata diploma zetu ndani ya vitabu vya mbali.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa nane. Mtoto yuko na miaka saba. Alikuwa ameona wacheza ngoma wenye pinde kwenye harusi moja, na kuanzia siku ile kila asubuhi ananiamsha: "Tonton, upinde wangu iko wapi?" Nikashusha kitabu kwa telefone, nikaenda kwa depo ya mbao, nikanunua ubao wa eukaliptusi, umenyooka kama rula. Nikapima, nikachora, nikapiga randa siku tatu. Upinde ukapendeza sana. Nikaupiga picha mbele ya kumpa mtoto.

Akavuta mara ya kwanza, akavuta mara ya pili. Mara ya tatu, paa! Mkono wa juu wa upinde ukaruka. Kibanzi kirefu kama kalamu kikapita shavuni mwake, kikaacha mstari wa damu vidole viwili chini ya jicho. Mtoto hakulia papo hapo. Aliangalia kipande kilichobaki mkononi. Dada yangu hakusema kitu, na mnajua dada akinyamaza ni mbaya kuliko akigomba.

Mjomba wangu, mzee aliyefanya useremala miaka yake yote, njo aliokota vile vipande viwili. Akavaa miwani, akaangalia mahali palipovunjika, mimi hakuniangalia. Halafu akasema: "Huu mti haukuvunjika leo. Walishaukata zamani, weye ulimalizia tu." Maneno yale njo yamenifanya nirudi kwa kitabu na kukisoma upya, safari hii kama mwenye kukiuliza maulizo. Haya ninayoandika ni matokeo.

KITABU CHENYEWE

Kitabu kinaitwa Hunting with the Bow and Arrow. Mwandishi ni Saxton Pope, daktari wa upasuaji aliyefundisha kwenye chuo kikuu cha California, huko Marekani. Kilitoka mwaka wa 1923, haki zake zilishakwisha, kwa hiyo kila mtu anaweza kukipata bure kwa intaneti. Kiko kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni kile cha saa chache za fakilte, basi nilienda polepole, kamusi pembeni.

Kitabu kinaanza na mtu, hakianzi na mti. Mwezi wa nane mwaka wa 1911, karibu na mji wa Oroville, kwenye uwanja wa machinjio, watu walimkuta mwanaume mmoja amedhoofika kwa njaa, peke yake. Alikuwa wa mwisho wa Wayahi, tawi la Wayana. Watu wake waliuawa kwa wingi na wazungu waliokuja kuchukua nchi, na wachache waliobaki walijificha milimani karibu miaka 40, mpaka akabaki yeye tu. Mwanaantropolojia Alfred Kroeber akafanya mpango apelekwe San Francisco, akakaa kwenye jumba la makumbusho la chuo kikuu. Jina lake la kweli hakulisema kamwe, kwa desturi ya kwao. Wakamwita Ishi, neno la Kiyana lenye maana ya "mtu". Sisi wenye Kiswahili tunalisikia vingine kabisa: ishi, usife. Sikuweza kusoma jina lile bila kulisikia hivyo, ukurasa baada ya ukurasa.

Pope alikuwa daktari wa Ishi, na akawa rafiki yake. Ishi njo alimfundisha upinde: kuuchonga, kutengeneza mshale, kupiga, kunyatia mnyama. Mwaka wa 1916 Ishi akafa kwa kifua kikuu. Miaka saba baadaye kitabu kikatoka, na watu wengi wa Marekani wakapenda upinde kwa sababu yake. Mpaka leo kuna chama kikubwa cha wawindaji wa upinde kule chenye jina la Pope na la rafiki yake Young.

PALE KINAPOFUNDISHA VIZURI

Nisiwe mchoyo. Sura ya kutengeneza upinde ni moja ya maelezo safi zaidi ya kazi ya mikono niliyowahi kusoma. Pope ana jicho la mpasuaji: anakuonyesha mahali pa kukata, na anakuonyesha vizuri zaidi mahali pa kuacha.

Kitu cha kwanza unachojifunza ni kwamba upinde uko na mgongo na tumbo. Mgongo ni upande unaoangalia mbele, kule mshale unakoenda. Tumbo ni upande unaokuangalia wewe. Ukivuta, mgongo unanyooshwa kwa nguvu, na tumbo linabanwa. Ni mti mmoja, lakini unafanyishwa kazi mbili zinazopingana. Mti aliopenda Pope ni ule Wafaransa wanaouita if, na wanabotania Taxus. Sehemu yake ya nje, nyeupe, inavumilia kuvutwa. Kiini chake chekundu kinavumilia kubanwa. Basi unaacha tabaka jembamba la ule weupe mgongoni, na kiini kinakuwa tumbo. Mti wenyewe umeshagawanya kazi, wewe unaufuata tu.

Kitu cha pili ni uvumilivu wa kusawazisha mkunjo. Mikono miwili ya upinde inapaswa kukunjika sawa, bila mahali pamoja kubeba kazi yote. Unavuta kidogo, unaangalia, unakwangua pale pagumu, unavuta tena. Hapa naongeza hesabu ambayo kwa agronomu inasaidia: ugumu wa upinde unafuata upana mara moja, lakini unafuata unene mara tatu, ni kusema unene kwa unene kwa unene. Ukipunguza upana kwa sehemu moja ya kumi, ugumu unapungua sehemu moja ya kumi. Lakini ukipunguza unene kutoka milimita 20 mpaka 18, umeshapoteza zaidi ya robo ya nguvu, asilimia 27 hivi. Njo maana mwisho wa kazi hakuna tena randa wala shoka, ni kukwangua tu. Milimita moja ni nyingi.

Mambo haya mawili, Pope anayafundisha vizuri kuliko video nyingi za leo, ambako mtu anakata, anachonga, na baada ya dakika kumi anapiga. Kitabu chake hakifichi kwamba kazi ni ndefu, na kwamba mti unahitaji kukauka muda mrefu kivulini.

Basi kama ni kizuri hivi, juu ya nini upinde wangu ulivunjika? Naona makosa matatu. Moja ni langu na la kitabu pamoja. Mawili ni ya kitabu.

KOSA LA KWANZA: MTI MMOJA UNAFANYWA MITI YOTE

Pope anaandika akiwa na mti wake mbele yake, aliyeujua kuanzia mlimani. Mimi nilianza kwa depo. Kati ya mlima na depo kuna msumeno, na msumeno haujui njia ya nyuzi za mti.

Hilo njo mjomba aliloliona mara moja. Ubao wangu ulikuwa umenyooka kwa macho, lakini nyuzi zake zilikuwa zinapita mshazari, zinaingia upande mmoja na kutokea mgongoni. Mahali uzi unapotokea mgongoni, hakuna tena kinachoshika. Ukivuta, unafungua tu mlango uliokuwa wazi. Tena nilichagua eukaliptusi, ambao sisi wa agronomia tunajua tabia zake: unakua haraka, mara nyingi nyuzi zake zinajisokota kuzunguka shina, na ukipasuliwa unajipinda wenyewe kwa mivutano ya ndani. Nilikuwa nimeyaandika yale kwa mtihani, nikapata alama nzuri. Siku ya kuchagua ubao, sikuyakumbuka.

Lakini kitabu nacho kina sehemu yake. Kinafundisha kusoma mti kama mti wa nchi ya baridi. Kule, majira ya baridi yanasimamisha ukuaji, na kila mwaka unaacha pete inayoonekana wazi. Mchongaji anafuata pete moja mgongoni kutoka ncha mpaka ncha, anajua hajakata nyuzi. Kwetu hapa karibu na ikweta, miti mingi haiachi pete za kusomeka. Iko na mvua karibu mwaka mzima, kiangazi ni miezi mitatu hivi, na mti hauandiki kalenda yake waziwazi. Anayefuata shauri la pete kwenye mti usio na pete atafanya nini? Atachora mistari ya kichwa chake, kama mimi.

Jibu liko, na ni la kizee kabisa: kupasua. Ukiweka kabari na kupiga, mti wenyewe unafunguka kwa kufuata nyuzi zake. Kama ufa unaenda umenyooka, mti ni mzuri. Kama ufa unazunguka kama ngazi, peleka kwa kuni, usipoteze siku. Na kama unatumia tawi ao mti mdogo, ule uso wa chini ya ganda ni mgongo uliotengenezwa tayari. Unatoa ganda kwa upole na hauugusi tena.

Kitu kingine ni maji ya ndani ya mti. Wachongaji wa Ulaya na Marekani wanapenda mti wenye maji karibu asilimia 8 mpaka 12. Mti mbichi haupasuki upesi, lakini unabaki umepinda, hauna tena nguvu ya kurudi. Mti mkavu kupita kiasi unavunjika kama biskuti. Hapa kwetu, msimu wa mvua, hewa yenyewe inarudisha maji ndani ya mti. Kwa hiyo kuhesabu miezi peke yake hakutoshi. Njia rahisi ni mizani: pima kipande chako kila wiki, andika. Siku uzito unapoacha kushuka wiki mbili ao tatu, mti umepatana na hewa ya mahali. Hilo tulilifanya kwa majani ya mifugo kwenye staji; juu ya nini tusilifanye kwa upinde?

KOSA LA PILI: MTOTO HANA NAFASI

Kitabu kizima kimejengwa kwa kipimo cha mwanaume mzima anayetaka kuua mnyama mkubwa. Pinde za Pope za kuwinda zilihitaji nguvu ya zaidi ya pauni 60, ni kusema zaidi ya kilo 27 kwenye vidole vitatu. Anasimulia dubu na paa. Mwaka wa 1925 alikuja mpaka Tanganyika na wenzake kuwinda simba kwa upinde, akatoa kitabu kingine juu ya safari ile. Sura za uwindaji zinasomeka vizuri, sitakataa. Lakini mtoto hapati sura yake. Na wengi waliowahi kupenda upinde, walianza wakiwa watoto.

Upinde wa mtoto si upinde wa mkubwa uliokatwa. Hili njo kosa ambalo wengi wanafanya, na mimi pia nilikuwa karibu nalo. Ukikata ncha za upinde, unaufupisha, na upinde mfupi wa unene uleule unakuwa mgumu zaidi, na unakunjwa zaidi kupita uwezo wake. Mtoto anapata kitu kigumu na cha hatari kuliko cha baba yake.

Anza na mwili. Mwambie anyooshe mikono yote miwili, pima kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, gawanya kwa mbili na nusu: hapo unapata, kwa kukadiria, urefu atakaovuta. Mtoto mwenye sentimita 120 atavuta karibu 48. Upinde wake uwe angalau mara mbili ya hiyo, na uongeze sehemu ya mshiko isiyokunjika: 115 mpaka 120 hivi. Nguvu yake, kilo 5 zinatosha, pauni 10 ao 12. Mtu mzima mwenye sentimita 170 atavuta 68. Mpe upinde wa sentimita 165 kwenda juu, na kwa kuanza kilo 14 mpaka 18. Jaribio langu la mtoto ni rahisi: avute mpaka mwisho, ahesabu mpaka tano. Kama mkono unatetemeka mbele ya tano, rudi ukakwangue tumbo la upinde. Usimwambie atakua.

Kamba nayo ina neno lake. Nailoni inavutika, inakula nguvu ya upinde, mshale unaanguka karibu. Uzi wa kushonea viatu, uliosokotwa mara nyingi na kupakwa nta ya nyuki, unafaa zaidi. Ndugu zetu Wambuti wa Ituri wanatumia kekele iliyopasuliwa vizuri. Tena kuna sheria moja ya kumfundisha mtoto siku ya kwanza: usivute na kuachilia bila mshale. Nguvu iliyokusudiwa mshale inarudi ndani ya mti, na mti unapasuka.

Kama unataka kuona watu waliomfikiria mtoto, angalia Tanzania, karibu na ziwa Eyasi. Wahadza wanampa mtoto wa kiume upinde wake akiwa bado mdogo sana, miaka mitatu hivi. Mwaka baada ya mwaka anapata mwingine mrefu kidogo, mgumu kidogo. Anapofika utu uzima anavuta upinde ambao wageni wengi wanashindwa kuufikisha mwisho, na hakuna siku aliyoambiwa: leo tunaanza masomo. Mti wanaoutumia zaidi ni aina ya Dombeya. Dombeya zingine ziko hata kwenye vilima vyetu. Tunazipita kila siku tukienda shamba, tunazihesabu kwa kuni na kwa nyuki.

Hapa lazima niseme pia juu ya mama jirani. Aliposikia habari ya jicho, aliniambia: "Papa injenieri, watoto wa huku wameshajua silaha za kutosha." Sikuwa na jibu siku ile. Nusu ya maneno yake ni kweli. Watoto wetu wanachonga bunduki za miti ya mihogo bila mtu kuwafundisha, na mtu akiwapa upinde kwa moyo ule wa Pope wa kuhesabu wanyama waliokufa, anawaongezea tu. Lakini upinde unaotengenezwa pamoja na mtoto, kwa miezi miwili, unamfundisha kitu ambacho bunduki haifundishi: kungoja, kupima, na kuacha kuvuta wakati mti umesema basi. Kitabu cha upinde kisichoona tofauti hiyo kinamkosea mtoto hata kama hesabu zake ni sahihi.

KOSA LA TATU: MWALIMU AMEWEKWA KWENYE HADITHI

Hili njo kubwa. Angalieni mpangilio wa kitabu. Ishi yuko mbele: habari ya maisha yake, namna alivyochonga, namna alivyopiga. Pope anayaandika yote kwa makini na kwa upendo. Ishi alichagua tawi la mti wa jamii ya mreteni wa milimani. Alipima upinde kwa mwili wake mwenyewe, kutoka nyonga mpaka mkono ulionyooshwa, zaidi kidogo ya mita moja. Aliukwangua, akaupinda ncha zake kwa joto, akabandika mishipa ya mguu wa paa mgongoni kwa gundi iliyotokana na ngozi ya samaki. Hakupenda mtoto aruke upinde wake. Hapa nilisimama kusoma, nikamkumbuka bibi yangu, aliyetukataza kuruka miguu ya mtu aliyekaa. Kitu cha kazi si cha kurukwa, hata huko California.

Halafu sura ya "namna ya kutengeneza upinde" inafika, na Ishi hayuko tena. Upinde msomaji anaofundishwa kuchonga ni upinde mrefu wa Kiingereza. Elimu ya Ishi imekaa upande wa hadithi, elimu ya Uingereza imekaa upande wa masomo. Ya kwanza unaisikitikia, ya pili unaifuata.

Kuna atakayenijibu: "Lakini upinde mrefu unafikisha mshale mbali zaidi." Inawezekana, kwenye uwanja wazi. Ishi hakuwa kwenye uwanja. Alikuwa mtu wa vichaka na miamba, aliyemkaribia mnyama mpaka hatua chache, mwenye kupinda mgongo na kupita chini ya matawi. Kwa kazi hiyo upinde mfupi ni majibu, si umaskini. Wambuti wa Ituri nao wana upinde mfupi kwa sababu ileile: msitu haukupi nafasi ya mita mbili. Ukipima upinde kwa umbali peke yake, umeshachagua mshindi mbele ya mchezo. Na sisi wa agronomia tunaijua dhambi hii. Mara ngapi tumepima mbegu ya mama mkulima kwa kilo kwa hekta tu, tukaandika "mavuno ya chini", bila kuuliza kama inavumilia kiangazi, ao kama inaiva mapema wakati wa njaa?

Pope hakuwa mwizi. Bila yeye tusingejua hata robo ya aliyojua Ishi, na alimlilia rafiki yake kwa maneno ya kweli. Lakini urafiki haukutosha kubadilisha mpangilio wa kitabu. Na haukutosha kwa mengine pia: Ishi alipokufa, walimpasua na kutoa ubongo wake, hali Kroeber aliandika kukataza. Ubongo ule ulikaa mbali mpaka mwaka wa 2000 njo ukarudishwa kwa watu wa damu yake. Waliotaka kumjua walimhifadhi vipande vipande: ubongo mahali fulani, upinde makumbushoni, hadithi kitabuni. Kitu alichokuwa nacho kizima, mti na mkono na sababu pamoja, hakikupata nafasi kwenye sura ya masomo.

MPERA WA MJOMBA

Narudi kwetu. Wiki moja baada ya ajali, mjomba aliniita nyuma ya nyumba. Kulikuwa mpera aliotaka kupunguza matawi. Akachagua tawi moja, nene kama mkono wa mtu mzima, lenye mafundo kidogo. Akalikata, akalipasua kwa kabari, tukaangalia ufa: umenyooka. Akapaka ncha nta ya mshumaa ili lisikauke upesi kule mwisho na kupasuka. Mimi nikaleta mizani na daftari. Yeye akacheka juu ya mizani. Wiki ya saba uzito ulisimama. Yeye, bila mizani, alikuwa amegonga mti kwa kidole siku mbili mbele na kusema: "Iko tayari." Nikaandika vyote viwili, siku yake na siku yangu.

Kumalizia tumbo la upinde, hakuchukua randa. Alivunja chupa, akachukua kipande, akaanza kukwangua polepole, vumbi nyembamba kama unga likianguka magotini. Ishi alikwangua kwa jiwe kali. Nilikaa pale nikaona sura ambayo Pope hakuiandika.

Nikamuuliza miti mingine inayofaa. Akanitajia sita, kwa majina ya kikwetu, na ya kila mmoja alijua unapatikana upande gani wa kilima, ukatwe wakati gani, unafaa mkubwa ao mtoto. Kati ya ile sita, minne sikuweza kuipa jina la Kilatini. Diploma yangu iko ukutani, TFE yangu ilikuwa juu ya maharage, nilipata distinksyo, na minne kati ya sita sikuijua. Mjomba anapita miaka sabini. Hesabu nyingine iliyobaki kila mmoja wetu anaweza kuifanya mwenyewe.

Na yeye ni seremala wa mjini. Fikirieni Watwa waliotolewa msitu wa Kahuzi-Biega miaka ya 1970. Mtu akitolewa msituni hapotezi nyama peke yake. Anapoteza miti, na mtoto wake anapoteza mwalimu. Fikirieni pia Waluba, ambao wakubwa wao waliweka upinde juu ya vishikio vilivyochongwa vizuri sana, kwa sababu upinde ulikuwa kitu cha ufalme. Vishikio leo viko kwenye makumbusho ya ulimwengu. Wenye kuchonga upinde wenyewe, nani aliwauliza?

Basi hukumu yangu juu ya kitabu: kisomeni. Sura ya kutengeneza upinde, isomeni mara mbili, iko bure. Lakini msianze kwa depo ya mbao, anzeni kwa mzee anayejua mti wa mahali penu. Kitabu kinajua upinde ni nini. Hakijui mpera. Na tukiandika sisi, tusifanye kama Pope, kumshukuru mwalimu mlangoni na kuendelea bila yeye ndani ya nyumba.

Mtoto alipata upinde wake mwezi wa kumi na moja. Mshale hauna chuma, uko na kipande cha mpira wa baiskeli kwenye ncha. Shabaha ni mfuko uliojaa majani makavu ya migomba, mbele ya ukuta. Alivuta, akahesabu mpaka tano, mkono haukutetemeka. Mama jirani alisimama kwenye kizingiti akaangalia mpaka mwisho, halafu akaenda bila kusema kitu. Dada yangu yeye alisema: "Umsogeze mbali kidogo na madirisha."

Daftari bado liko nami. Miti sita imeandikwa kwa majina ya kikwetu, na nafasi ya Kilatini wazi kwa ile minne; wenzangu wa botania, nawangojea. Kwenye ukurasa wa kwanza nimeweka majina mawili. La mjomba liko juu.